Kiraka cha Siku ya Soko

Kila asubuhi, chai ikishaisha, mama mkwe wangu alikuwa akifuta kioo cha picha kilichotundikwa ukutani kwa pindo la leso yake, akivuta kigoda na kuketi. "Mulembe, Sitati," humsalimu. Kisha humngoja mwanawe atoke nyumbani.

Sitati hakumkawiza hata siku moja. Mlango haukuonekana, maana tulikuwa tukitazama kutoka juu, lakini ukingoni mwa paa la bati kilichomoza kidoti cheupe. Hiyo ni kofia. Nyuma ya kofia, begi jekundu. Kidoti kilizunguka zizi, kikashika njia ya kuteremka, kikapita kwa kina Lusweti, kikapinda penye mto na kuingia chini ya miti. Basi. Hapo ndipo mume wangu alipoishia, na hapo ndipo mama aliponigeukia.

"Unaona anavyotembea? Mguu wa kushoto mbele, kama marehemu baba yake. Ni yeye."

Mguu wenyewe haukuonekana. Setilaiti za siku hizi zinaona kofia na begi, mguu haziuoni. Mimi ni mtu wa kubisha, mama mwenyewe hunitania kwamba nilizaliwa nikibishana na mkunga, lakini kwa hilo sikubisha. Nilisema, "Ni yeye, mama." Na sikusema kumridhisha. Hata mimi niliamini.

Chini ya kioo palikuwa na tarehe ya siku ile mbaya, na saa: kumi na mbili na nusu asubuhi. Mlima uliporomoka saa tatu. Kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi, hata mtoto angeifanya. Sitati alitoka kijijini kwetu Namwesi kabla udongo haujashuka. Alikwenda wapi baada ya ile miti, hilo hakuna aliyelijua. Mama alikuwa na majibu mengi. Labda aligongwa na jiwe njiani akapoteza fahamu na jina lake. Labda alivuka mpaka akafanya kazi upande wa pili, simu yake ikiwa imeloa. Kila wiki alikuwa na jibu jipya, na kila jibu lilikuwa na Sitati mzima ndani yake.

Tulikuwa tukiishi kambini Chesito, nyumba za bati zilizopangwa mistari, sisi wote tuliobaki wa Namwesi. Kila nyumba ilikuwa na kioo chake na mtu wake anayetoka asubuhi ile. Kina Lusweti walimwona binti yao akiswaga mbuzi. Mzee Makokha alimwona mkewe na kikapu kichwani. Mwezi mmoja nyuma, baba mdogo wa Sitati alikuja na wazee wawili na shina la mgomba begani. Kwetu, mtu akipotea na maiti isipatikane, huzikwa mgomba mahali pake ili waliobaki wanyoe nywele na kuendelea na maisha. Mama aliwatimua kwa mwiko wa ugali.

"Mnamzikia nani mgomba? Mtoto namwona kwa macho yangu anatoka! Kazikeni kwenu huko!"

Ule mgomba ulibaki nyuma ya choo mpaka mbuzi wakaumaliza.

Asubuhi ninayotaka kuieleza, Sitati alikuwa ndiyo kwanza amepinda penye mto wakati simu yangu ilipoita. Alikuwa Gervas Komba.

Gervas yuko Songea. Sijawahi kumshika mkono maishani mwangu, lakini ni ndugu yangu kuliko ndugu zangu wengi. Yeye na mume wangu ndio waliokuwa watunzaji wa Mwewe. Mwewe ni programu huria: haina mwenyewe, haiuzwi, msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma au kuuboresha. Inazikusanya picha za setilaiti zote zinazopita juu yetu, inaziunga na kuzisafisha, na mkulima wa Bungoma akifungua shamba lake anaona kile kile anachokiona waziri aliye ng'ambo. Ila badiliko haliingii kwenye Mwewe ya wote mpaka watunzaji wawili waligeuzie funguo zao. Mmoja wa Gervas, mmoja wa Sitati. Sitati alipopotea, wake ulikuja kwangu. Na mimi ni mwandishi wa msimbo, na hakuna mwingine aliyeuzoea mwandiko wake.

"Dada Nelima, habari za asubuhi. Uko na mama?"

"Niko naye. Tulikuwa tunamwangalia mwanawe."

Akanyamaza. Nikashangaa, maana Gervas si mtu wa kunyamaza, huyo hata mtandao ukikatika anaendelea tu kuongea.

"Toka nje kidogo," akasema. "Tafadhali, dada."

Nikatoka, nikasimama kati ya nyumba yetu na ya Makokha. Matope yalikuwa mpaka kwenye vifundo.

"Umesikia ya Kaptolo?" akauliza.

"Nimesikia. Mlima umeshuka leo alfajiri. Lakini wanasema watu walikuwa wameshatoka kwenda sokoni, Mungu ni mkubwa."

"Nani amesema wameshatoka?"

"Mwewe."

"Ehee," akasema. "Mwewe."

Kaptolo ni kijiji cha upande wa pili wa mlima wetu. Kikosi cha uokoaji kilikuwa kimefika na mafuko yake. Fuko ni mashine ya kuchimba, ndefu kama ng'ombe wawili waliofuatana, haina dereva, inajipenyeza kwenye udongo bila kuubomosha zaidi. Inaisoma Mwewe yenyewe: nyumba gani ilikuwa na watu kabla ya mporomoko, njia gani ilikuwa na watu. Huko ndiko inakochimba kwanza. Penye nyumba tupu haipotezi wakati.

"Mafuko yote yameshuka barabarani," Gervas akasema, "kwa sababu picha inaonyesha watu walikuwa njiani. Juu kijijini hakuna hata moja. Sasa mkuu wa kikosi, mama mmoja anaitwa Cherop, kanipigia nusu saa iliyopita. Anasema kwenye picha kuna mwanamke na dumu la njano anateremka kwenda sokoni. Anamjua, ni binamu yake. Huyo mwanamke amejifungua jana hospitali ya mjini. Bado yuko kitandani na mtoto wake."

"Basi ni mwanamke mwingine. Madumu ya njano yamejaa kila mahali."

"Nilimjibu hivyo hivyo. Halafu nikafungua tabaka la chanzo."

Kila nukta ya picha ya Mwewe ina kumbukumbu yake chini: imetoka setilaiti gani, siku gani. Hilo ndilo tabaka la chanzo. Liko wazi kwa watu wote na hakuna mtu anayelifungua, kama vile hakuna anayegeuza shati kuangalia mshono wa ndani.

"Kaptolo yote ya alfajiri hii ni wingu, dada. Hakuna jicho lililoiona. Tunachokitazama ni Kiraka."

Nikaanza kuwaka. "Acha mchezo, Gervas. Kiraka hakishoni watu."

Kiraka, kipande cha Mwewe kinachoziba mawingu, nilikijua vizuri, kiliandikiwa juu ya meza yangu ya kulia. Zamani programu za aina hii zilipokutana na wingu ziliacha baka la kijivu, au zilichanganya siku za jirani zikapata wastani, na wastani wa watu ni moshi. Sitati alicheka sana. "Hawa hawajui kwamba mlimani hatuishi kwa Jumatatu na Jumanne," alisema. "Sisi tunaishi kwa soko." Akakifundisha Kiraka hesabu ya kwetu: leo ikiwa ni siku ya soko na kuna wingu, azima kutoka siku ya soko iliyopita. Njia zikajaa panapopaswa kujaa, majiko yakafuka moshi kwa saa zake, huwezi kuona mshono. Kila nchi yenye masoko ikakichukua kikashangiliwa. Lakini kilikuwa kwa ajili ya ardhi na mapaa tu.

"Kilikuwa hivyo," Gervas akasema. "Muda mfupi kabla hajapotea Sitati akaongeza watu. Alitaka kuhesabu watoto wanaofika shule wakati wa mvua, wapate kujengewa daraja. Mimi ndiye niliyegeuza ufunguo wa pili. Sikuuliza hata swali moja, nilimwamini kama ninavyoamini kesho kutakucha." Akaongeza: "Dada, nimefungua na Namwesi."

"Usiseme."

"Dada..."

"Nimekwambia usiseme, Gervas! Una wazimu? Funga mdomo wako!"

Mzee Makokha alichungulia dirishani kuona ninagombana na nani.

* * *

Nilikwenda chumbani kwangu, mwisho wa mstari wa nyumba, nikafungua kompyuta. Nilitaka kumwonyesha Gervas kwamba amekosea, nimtukane vizuri, halafu nimsamehe. Nikaita siku ile ya Namwesi, saa kumi na mbili na nusu. Kofia nyeupe ikatokea ukingoni mwa paa. Nikaigusa, nikafungua tabaka la chanzo.

Tarehe iliyotokea ilikuwa ya soko lililotangulia.

Nikazima Kiraka nione picha mbichi kama setilaiti ilivyoileta. Ilikuwa nyeupe tupu. Nikajaribu setilaiti ya pili na ya tatu, nikajaribu zile za joto, ambazo wakati mwingine huona kupitia wingu jembamba. Nyeupe. Wingu lilikuwa limelala juu ya Namwesi tangu usiku mpaka mlima unashuka, na hakuna kitu angani wala duniani kilichoona kilichotokea chini yake.

Soko lile lililotangulia nalikumbuka. Sikuwa nimeondoka bado kwenda Kitale kazini. Sitati alitoka na begi lake jekundu, akarudi jioni ameloa chapa, na mkate wa kumimina umelowa ndani ya begi mpaka ukawa kama uji. Mama alimgombeza, sisi wawili tukaula hivyo hivyo kwa vijiko tukicheka. Yule mtu niliyemtazama kila asubuhi akienda zake, jioni alirudi. Nilikuwa nikitazama siku ambayo mume wangu alirudi nyumbani. Nikauma leso nisipige kelele, maana kuta za bati hazifichi kitu.

Kisha wazo la pili likaja, na hilo lilinikata zaidi ya la kwanza.

Siku ya mporomoko wa Namwesi mafuko yalikuja pia. Sote tuliyaona. Yalichimba barabarani na penye mto, yakaondoka. Kijiji cha juu hayakukigusa, kwa sababu Mwewe ilihesabu nyumba tupu. Kiraka alichokiandika mume wangu kwa mikono yake ndicho kilichoyazuia yasimchimbe mume wangu. Kama alikuwa hai chini ya lile paa, na kina Lusweti, na mke wa Makokha, hakuna aliyewatafuta, kwa sababu tulikuwa tumeshawaona wanaondoka. Hata mimi nilisimama pale barabarani na kumwambia msimamizi wa mafuko asiyapandishe juu. Nilimwonyesha picha.

Nikampigia Gervas.

"Badiliko umeshaliandika?"

"Limeandikwa. Ni mstari mmoja. Kiraka kisiguse kitu chochote kinachotembea, wala nyumba anamoishi mtu. Penye wingu paachwe kijivu, paandikwe hapakuonekana. Kisipoonekana kitu, fuko lipachimbe kama penye watu."

"Kwa nini Cherop asiyageuze mafuko kwa mkono tu?"

"Anaweza kuligeuza moja, na ndilo analolipandisha sasa hivi. Mengine yanasoma Mwewe. Na watu wa Kaptolo waliokuwa sokoni wamemzunguka, wanaonyeshana kwenye simu zao, yule pale mke wangu, yule pale baba, wanataka mashine zichimbe barabarani. Wanamwona Cherop ndiye mchawi."

Nilikijua hicho kisa. Sikuhitaji kusimuliwa.

"Geuza wako," nikasema.

"Nimeshageuza. Unabaki wako." Akapumua. "Dada, sikiliza. Nimelifikiria. Naweza kuongeza kipengele: isipokuwa Namwesi. Mlima wenu umeshashuka, hakuna tena wa kuokoa pale. Kaptolo watapata haki yao, na mama atabaki na mwanawe. Hakuna anayeumia."

Mungu anisamehe, nilikitaka hicho kipengele. Nilikitaka kuliko nilivyowahi kutaka chakula. Wiki ya kwanza mama hakula kitu, alikaa ukutani akikonda mbele ya macho yangu, na siku nilipomletea kioo chenye ile picha ndiyo siku aliyoomba uji. Alinishika mkono akaniapisha. "Hata ikiwaje, Nelima, usiniondolee huyu." Niliapa. Na si yeye peke yake. Mimi nilikuwa nikimpenda Sitati jinsi nilivyoolewa naye, kwa ugomvi na kwa kicheko, na kile kidoti cheupe ndicho kilichokuwa kimenibakia.

"Gervas," nikasema, "wakibaki kwenye picha, nyumba zao ni tupu."

"Ndiyo."

"Fuko lolote litakalopita pale miaka kumi ijayo litasoma nyumba tupu. Hakuna atakayewachimba. Milele."

"Ndiyo, dada. Ndiyo hivyo."

"Halafu unaniambia hakuna anayeumia!"

"Nilitaka kukusaidia," akasema polepole, na nikajua analia.

Ningependa kusema niliwaza sana. Sikuwaza. Ningewaza kidogo tu ningechagua vingine. Nikaita ufunguo wa Sitati, ukaniuliza kama nina hakika, nikasema nina hakika, nikageuza. Kwenye simu nikamsikia Gervas akihesabu kwa sauti ya chini nchi moja moja zikipokea. Kisha sauti ya mwanamke ikaingia kwenye laini, ya ukali, nyuma yake makelele ya watu na mvua.

"Yanageuka!" Cherop alikuwa akipiga kelele. "Yameacha barabara! Yanapanda juu yote!"

Nikafunga kompyuta. Vioo vya ukutani vilikuwa vinajisasisha vyenyewe, na nilikuwa na dakika chache tu za kumfikia mama kabla ya kioo chake. Nilikimbia matopeni nikateleza mara mbili. Nilichelewa.

* * *

Mama alikuwa amesimama, akikipigapiga kioo ubavuni kwa kiganja.

"Afadhali umekuja. Kimeharibika hiki. Nilikuwa nikimrudia Sitati mara ya pili, kikamficha."

Pale palipokuwa na paa, zizi na njia, palikuwa na baka la kijivu. Ndani yake paliandikwa: Hapa hapakuonekana.

"Hakijaharibika, mama. Kaa."

"Sikai. Kitengeneze kwanza."

"Mama, nimemwondoa mimi."

Akaniangalia kama aliyesikia lugha asiyoijua. "Nani?"

"Mimi."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

Alinizaba kofi. Hakuwahi kunipiga tangu niolewe, na mkono wake ulikuwa mwepesi sana, kwa jinsi alivyokonda. "Mrudishe."

"Siwezi."

"Unaweza! Wewe na yeye mlikuwa mnaweza kila kitu na madude yenu haya! Uliniapia, Nelima! Mrudishe mwanangu, mrudishe sasa hivi!"

Nikamshika mikono yote miwili, naye akiipapatua, nikamweleza. Sikumweleza matabaka wala funguo. Nilimwambia kwamba siku ile kulikuwa na wingu na hakuna aliyeona. Nilimwambia ile tuliyokuwa tukiitazama ni siku ya soko la nyuma yake, Mwewe iliichukua ikaitia pale ili picha isiwe na tundu.

"Uongo."

"Ile siku alirudi, mama. Alirudi na mkate umeloa. Ulimgombeza wewe mwenyewe, ukasema hata mtoto wa chekechea anajua kufunika mkate."

Mikono yake ikaacha kupapatua.

"Mkate," akasema.

"Ndiyo."

"Mkate wa kumimina."

"Ndiyo, mama."

Akakaa chini, si kwenye kigoda, chini kabisa sakafuni, akanyoosha miguu. Nami nikakaa ubavuni mwake na matope yangu. Aliponena, alinena na ukuta.

"Nilikwambia nilipokwenda sokoni nilimwacha amelala."

"Uliniambia."

"Hakuwa amelala. Alikuwa mlangoni, kofia kichwani, tayari. Nikamwambia, wewe Sitati, paa la jiko linavuja, na kila siku ni kesho, kesho. Leo hutoki hapa. Utapanda ulizibe paa langu, sokoni nitakwenda mimi. Akanung'unika. Akasema, mama, hata kwenye mvua hii? Nikamwambia, kwani wewe ni chumvi? Nikajifunga leso nikashuka." Akameza mate. "Mlima ukaja mimi nikiwa napima maharage."

Nilimshika goti.

"Halafu ukaja na ile picha. Ukaniambia, mama, tazama, alitoka. Nikasema, ahsante Mungu, mtoto amenikaidi! Si unamjua alivyokuwa mkaidi? Tangu yuko hivi, ukimwambia kulia anakwenda kushoto. Nikasema, aliningoja nipotelee kwenye kona, akanifuata nyuma akaacha paa langu linavuja. Kila asubuhi, Nelima, kila asubuhi nikikaa hapo, hiyo ndiyo sala yangu. Namshukuru Mungu kwa kunipa mtoto asiyesikia."

"Mama..."

"Kumbe alinisikia."

Simu ililia mkononi mwangu. Nilitaka kuizima, lakini mama aliona jina akasema, "Pokea. Ni yule rafiki yake." Nikapokea, na kwa vidole vyangu vya matope nikabonyeza kipaza sauti.

"Dada!" Gervas alikuwa akilia na kucheka pamoja. "Fuko la kwanza limefika kwenye nyumba ya juu. Limesimama lenyewe. Kuna mtu anagonga! Chini ya bati, anagonga kwa jiwe, Cherop amenisikilizisha. Na nyumba ya pili kuna sauti za watoto. Dada, wako hai. Ni ufunguo wako. Umenisikia? Wako hai."

"Nimesikia," nikasema, na simu ikaniponyoka.

Mama alikuwa amenigeukia. Uso wake ulikuwa na shauku ya kweli, kama wa mtu anayeuliza habari za safari.

"Huko wapi wanakogonga?"

"Kaptolo, mama. Mlima umeshuka na huko leo. Ndiyo maana nimegeuza. Mashine zilikuwa hazitaki kupanda."

"Na sasa zimepanda."

"Zimepanda."

Akatikisa kichwa taratibu, akakubali. Nadhani hapo ndipo aliponisamehe lile la kioo. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nikilikimbia tangu nifungue ile picha mbichi, akaliuliza kwa sauti ya chini kabisa, kwa adabu, kama anayeogopa kunisumbua.

"Nelima, na wangu aligonga?"

Mimi ambaye nina jibu la kila kitu, mimi niliyezaliwa nikibishana na mkunga, nilikuwa na jibu tayari mdomoni. Ningeweza kumwambia hapana, alikufa papo hapo, hakuumia. Ningeweza. Lakini sikujua, na asubuhi hiyo nilikuwa nimeshamnyang'anya mwanawe kwa sababu sikutaka kujaza mahali ambapo hapakuonekana.

"Sijui, mama," nikasema. "Hatukumsikiliza."

Mama alivua kilemba. Akakikunja vizuri, akakiweka mapajani. Akainua uso akaangalia bati la paa, na kilio kilichotoka kwake sijapata kukisikia kwa mtu mwingine. Alimwita kwa majina yake yote, lile la babu, lile la ubatizo, na lile la utotoni ambalo hata mimi sikulijua. "Ungenikaidi!" alilia. "Mwanangu, siku ile moja, ungenikaidi!" Nikamkumbatia kwa nyuma, nami nikalia kwa sauti yote niliyokuwa nayo, nikimwita mume wangu na kumtukana kwa kile kiraka chake kizuri.

Kwetu, kilio kikipigwa hivyo, watu huacha vyungu motoni wakakimbilia nyumba hiyo. Wanawake huingia wakawashika wafiwa, mwingine akawasha moto, mwingine akachota maji. Hata mtu mnayegombana naye huja. Nilipopumua nilitega sikio nikingoja hatua zao matopeni.

Nilichokisikia ni mzee Makokha akimwita mkewe. Kisha kina Lusweti, mama na baba kwa pamoja, wakimwita binti yao. Kisha mstari wa pili wa nyumba, na wa tatu, mpaka kwenye lango la kambi. Hakuna aliyekuja kutushika, kwa kuwa vioo vyote vilikuwa vimeshageuka kijivu, na kila nyumba ilikuwa na mtu wake wa kumlilia.